Mgeni Amepumzika

Gaspari alitumwa Kabanga kununua mabati ya kuezekea jiko. Alirudi na kofia.

Ilikuwa kofia ya kijani, imeandikwa TULIZO kwa herufi nyeupe. Aliingia nayo uani kichwa kimenyooka, akaketi kwenye kigoda, akaivua, akaipuliza vumbi. Mkewe Esperansia alikuwa anapepeta maharagwe. Alitazama nyuma ya mumewe kama kuna mtu anakuja amebeba mabati. Hakuna aliyekuja.

"Mama Priscila," Gaspari akasema, "nimetununulia mapumziko."

Esperansia akaweka ungo chini. Sasa wewe unayesoma ukiwa mjini utaona hilo ni neno la kawaida tu. Kwetu Kibimba hatulitumii ovyo. Kibimba mtu akichoka anakaa, akichoka sana analala. Kupumzika ni kazi ya padre, na ile stola ya zambarau, na wanaume wameshika makoleo wakisubiri Amina.

"Ya wapi?" akauliza.

"Ya Runazi."

"Runazi ya Biharamulo?"

"Hiyohiyo. Ni juu mlimani, unaona msitu wote."

"Baba Priscila, wazazi wako wote wawili wako pale chini ya migomba. Runazi tuna nani?"

"Hatuna mtu. Huo ndio uzuri wake."

"Ni ya kwako peke yako, au?"

"Nikuache wewe? Ni ya wote wawili, chumba kimoja. Wiki moja kila mwaka."

"Wiki moja. Halafu?"

"Halafu tunarudi nyumbani."

Esperansia alisoma mafundisho ya dini mpaka kipaimara, na mpango wa namna hiyo hakuwahi kuusikia. Alikuwa bado anautafakari wakati Ildefonsa, dada yake Gaspari, aliyekuwa amekuja kuazima mchi, alipoondoka nyuma ya nyumba bila mchi na bila kuaga. Ildefonsa alisikia maneno matatu tu: mapumziko, wote wawili, chumba kimoja. Yalimtosha.

Kabla chai haijachemka, ua ulikuwa umejaa. Wanawake wamejifunga vitenge kiunoni, huyu na maharagwe, yule na mkungu wa ndizi. Wanaume walileta mabenchi ya kigangoni. Katekista Celestini alifika na kitabu cha nyimbo, kidole kikiwa tayari ukurasa unaohusika. Gaspari akasimama katikati na kofia yake, akawaeleza waombolezaji kwamba yu hai.

"Tunaona," akasema Telesfori, kaka yake mkubwa. "Lakini tumeshakuja."

Na kweli walikuwa wameshakuja, na watu waliokuja na kukaa hawarudishwi wakiwa na njaa. Basi Esperansia akapika maharagwe ya msiba wake mwenyewe, katika jiko lisilo na mabati, na mvua ikanyesha ndani ya sufuria. Telesfori alikula bakuli mbili akasema uji huu wa maharagwe una ladha.

Jumapili iliyofuata, aliyemuuzia Gaspari ile kofia akaja kwa bodaboda kusafisha jina la kampuni. Alikuwa msichana mchangamfu, anaitwa Nice, na ofisi yake ilikuwa hema moja pale Kabanga, jirani na wabadilisha fedha. Aliamkia shikamoo mpaka mbuzi nusura waitikie. Akaeleza kwamba Gaspari na mkewe ni wanachama. Wana wiki yao kila mwaka katika Hoteli ya Tulizo, na wiki hiyo, akasema, ni nyumbufu.

"Ni nini?" akauliza Esperansia.

"Inanyumbuka, mama. Mnaweza kwenda wiki nzima kwa mpigo, au mkaikata siku mojamoja. Mwaka huu hamna nafasi? Mnaiweka, mwakani mnakwenda wiki mbili. Mmechoka na Runazi? Mnabadilishana na mtu mwenye wiki Zanzibar. Hata ya mwakani mnaweza kuitumia sasa hivi. Na kama mna ndugu mnampenda, mnampa siku, anakwenda yeye kwa jina lenu."

Gaspari akakaa sawa. "Unampa?"

"Unampa, mzee. Unanipigia simu tu."

"Kumbe ni kama kumgabira mtu ng'ombe."

Nice alikuwa mtu wa biashara, hakuzoea kumkatalia mteja. "Kabisa mzee," akasema. "Ni kama ng'ombe."

Lingekuwa jambo jema kama asingesema hivyo. Maana kwetu, mtu akikugabira ng'ombe, amekupa bure, huna deni la kuandikiwa, ila husahau. Ng'ombe akizaa, siku moja unamswaga ndama mpaka kwa yule aliyekupa. Huko ndiko kuitura. Asiyeitura hatapigwa, hatashtakiwa. Ila akiingia kanisani, watu kwenye benchi watakaa kwa kujinyoosha. Gaspari maisha yake yote alikuwa na ng'ombe mmoja tu, tena mwenye hasira, kwa hiyo hakuwahi kumgabira mtu kitu. Sasa ghafla ana zizi. Macho yake yakaanza kwenda mbali, anahesabu ndugu.

Esperansia hakuona hayo. Yeye alikuwa na swali lake.

"Mwanangu, huko asubuhi wanagonga mlango saa ngapi?"

"Hawagongi, mama. Kuna kibao kidogo unakitundika mlangoni kwa nje. Kimeandikwa Mgeni Amepumzika, Tafadhali Usigonge. Ukikitundika, hakuna atakayekuja mpaka utoke mwenyewe."

"Hata mchana?"

"Hata mchana."

"Na watu wanakitii?"

"Wanakitii, mama."

Esperansia alikuwa mwanamke wa haja chache. Watoto wamekua, Priscila ameolewa Mwanza, wengine wako kwao. Lakini tangu aolewe, hakuwahi hata mara moja kuamka kwa sababu usingizi umekwisha. Kila siku aliamka kwa sababu ameitwa. Ng'ombe alimwita, Gaspari alimwita, na baada ya Gaspari ni hodi mama Priscila, naomba chumvi. Hodi mama Priscila, naomba moto. Hodi mama Priscila, mtoto ana tumbo, ile dawa yako ipo? Moshi wa jiko lake ndio uliowaamsha majirani, nao wakishaamka wanakuja. Sasa anaambiwa kuna kibao duniani, saizi ya kiganja, kinachoweza kuwazuia watu wote hao. Alikitamani kile kibao mpaka akaona haya, akainuka kwenda kumletea mgeni ndizi.

Siku ya kwanza ya ile wiki alipewa Telesfori, kwa sababu ya goti lake. "Ni kaka yangu," Gaspari akasema. "Nitaanzaje na mwingine?" Esperansia hakuona ubaya. Wiki ina siku nyingi.

Telesfori alirudi kutoka Runazi na habari. Kitanda kama uwanja. Maji ya moto yanatoka ukutani. Alfajiri aliamka kama kawaida, akawakuta vijana wa hoteli wanafyeka majani vibaya, akawaonyesha, akafyeka nao mpaka saa sita, goti likaanza kumuuma upya.

Kisha akaenda Katekista Celestini, kwa sababu huwezi kumgabira kaka ukaacha Kanisa. Yeye alifagia ua wa hoteli, akawafundisha wapishi wimbo wa Majilio. Ildefonsa akapewa mbili, kwa kuwa alitoa machozi siku ile na machozi yake yakapotea bure. Alirudi na sabuni ndogondogo za kugawia mtaa, na pambo la ukutani alilolikuta nyuma ya mlango wa chumba, lina picha ya mwezi. Akalitundika sebuleni kwake kati ya kalenda ya parokia na saa iliyokufa.

"Na zetu?" Esperansia aliuliza.

"Zitarudi. Wataitura."

"Wataitura nini, Baba Priscila? Telesfori ana hoteli?"

"Wewe mwanamke una haraka. Ng'ombe anazaa kwa siku moja?"

Ukweli ni kwamba Gaspari alikuwa anafurahia. Watu waliomjua kama mtu wa ng'ombe mmoja sasa walimpa mkono kwa mikono miwili. Gulioni walimpisha kivulini. Mshenga mmoja wa upande wa Kabanga alikuja na kreti ya soda, akaondoka na siku. Esperansia alipika kwa ajili ya wote waliokuja kuomba, na akapika tena walipokuja kushukuru. Zile mvua zikaisha, zikaja nyingine, zikamkuta jikoni akiwa amejifunika karai kichwani.

Mwishowe akampigia simu Nice.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, nataka kwenda Runazi. Siku moja tu inanitosha."

"Mama, wiki ya mwaka huu imekwisha. Ya mwakani nayo imekwisha. Mzee ameshaianza ya mwaka unaofuata."

"Anaruhusiwa?"

"Ni nyumbufu, mama," Nice akasema kwa sauti ndogo.

Esperansia akakata simu. Alikasirika, na sitalipamba hilo neno. Alikwenda kukamua, na yule ng'ombe mwenye hasira, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akasimama kimya. Alimaliza, akanawa miguu, akavaa kitenge cha Jumapili siku ya Jumanne, akaenda kwa Telesfori.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba mama Priscila. Karibu, kaa."

"Sikai. Nimekuja kuchukua ndama."

Telesfori akageuka kutazama zizi lake. "Ndama gani?"

"Uligabirwa siku. Imezaa, au bado?"

Telesfori hakuwahi kufikiri kwamba siku inaweza kuzaa. Lakini alikuwa ndiye mtu ambaye watu wa Kibimba humwita kusuluhisha mambo ya ng'ombe, na hapo mbele ya mkewe na wakwe zake waliokuja kumtembelea hakuweza kusema kwamba kuna kitu kinagabirwa kisirudi. Akakuna goti.

"Sasa mimi hoteli sina, shemeji."

"Sikuomba hoteli. Siku ni siku. Mchukue ndugu yako Alhamisi, tangu asubuhi mpaka Ijumaa asubuhi. Ale kwako, alale kwako, akuulize wewe shati lake liko wapi."

"Gaspari?"

"Gaspari mzima. Na ng'ombe pia, na mbuzi."

Telesfori akatazama tena zizi lake. "Ng'ombe huyo anapiga teke," akasema.

"Najua. Hoteli nayo ilikuwa na mlima, na ukaupanda."

Kutoka hapo alipita kwa katekista, akamwambia kila atakayetaka chumvi, moto au dawa ya tumbo Alhamisi, aelekezwe kwake yeye katekista. Celestini alikubali haraka. Alikuwa amekwishaona mazungumzo yanakoelekea. Mwisho Esperansia akaenda kwa Ildefonsa, akaingia sebuleni, akanyoosha mkono juu ya saa iliyokufa.

"Wifi, chukua siku hata tatu, nitakaa na kaka yangu," Ildefonsa akalia. "Lakini si pambo langu!"

"Kaka yako ana mahali. Ndama wako ni huyu."

"Ni mwezi tu huo, wifi." Macho ya Ildefonsa ya kusoma yalikwisha zamani. Aliona picha, maandishi chini ya picha aliyaona kama ukoka.

Alhamisi Gaspari aliondoka amenuna, kofia kichwani, anamvuta ng'ombe, mbuzi mbele. Alisema hajawahi kusikia mtu anafukuzwa kwake kwa heshima namna hii. Esperansia alimwitikia vizuri, akamtakia mchana mwema. Kisha akatundika kile kibao chenye mwezi kwenye msumari wa mlango, akaingia, akatia komeo. Hakuwasha moto. Alijifunga kichwa kwa vitenge viwili, masikio ndani, akalala.

Hakuota kitu. Ila baadaye, kwa mbali sana, alijua kwamba hakuna anayemwita, akageukia upande wa pili.

Aliamka kwa sababu usingizi ulikuwa umekwisha. Alibaki ametazama ukuta. Jua lilikuwa limeingia kwa tundu la dirisha, limekaa juu ya sanduku lake la nguo, mahali ambapo kwa miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuliona, maana saa hiyo huwa yuko nje. Hakujua kama huwa linafika pale. Alilitazama mpaka liliposogea. Alifurahi, jamani. Alifurahi akacheka peke yake kitandani, mikono tumboni.

Kisha akafungua vitenge masikioni, akasikia watu wanapumua.

Akafungua mlango. Ua ulikuwa umejaa. Wanawake wamekaa chini, vitenge kiunoni, hakuna anayesema. Mabenchi ya kigango yote yalikuwapo. Celestini na kitabu chake, kidole ukurasani. Jiko lilikuwa linafuka moshi, na juu ya jiko kulikuwa na mabati, mapya, yamegandamizwa kwa mawe. Telesfori alikuwa ameyatoa stoo kwake. Alisema msiba ule wa kwanza walikula mvua. Huu wa kweli wasimwaibishe marehemu.

Na pale chini, mgongo kwenye mwimo wa mlango, miguu imenyooshwa mavumbini kama mtoto, alikaa Gaspari. Kofia hakuwa nayo.

Baadaye Ildefonsa alimsimulia yote. Nyirabahizi, jirani wa juu, aliona jua limepanda na jiko la mama Priscila halina moshi. Jambo hilo halijawahi kutokea. Akashuka, akapiga hodi mpaka koo likakauka, ndipo akaona kibao. Nyirabahizi kusoma anajua. Alisoma "amepumzika" akapiga yowe, "Yebaba wee!", na yowe lake likafika kwa Telesfori kabla yake. Telesfori alikuja na shoka avunje komeo. Gaspari akamzuia. Akakaa palepale mlangoni, akakataza mtu asigonge, asiite, asilie kwa sauti. Walimwambia, Gaspari, lazima tuhakikishe. Akasema, "Imeandikwa msigonge." Walipomshika mkono wamwinue, akawatupia maneno mengine, na hayo ndiyo Ildefonsa aliyoyasimulia akijifuta kwa ncha ya khanga: "Mwacheni kwanza. Huyu mwanamke hajawahi kulala."

Lakini hayo Esperansia alikuwa hajayasikia bado. Alisimama tu mlangoni, nywele zimelala upande mmoja. Watu walimtazama. Mama mmoja wa kwaya akaanguka chini, akainuka mwenyewe kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwangalia.

Gaspari akainua uso. Ulikuwa umelowa wote, na hakujaribu kuuficha.

"Mama Priscila. Nilidhani umepumzika."

"Nilikuwa nimepumzika."

"Na Runazi hata hujafika," Gaspari akasema, kisha akashindwa kuendelea. Alishika upindo wa kitenge cha mkewe, akaung'ang'ania.

Esperansia alimwacha aushike. Akatazama jua, lilikuwa limepita utosini kitambo. Akatazama mabati, akayahesabia kichwani mahali yatakapopigiliwa misumari. Akatazama masufuria.

"Mmepika?"

"Tumepika," wanawake wakaitikia.

"Mmekula?"

"Tulikuwa tunasubiri tukusalie kwanza," akasema Celestini, akafunga kitabu taratibu.

"Basi salini, mle. Mpeni na Baba Priscila, hajala huyu." Akaondoa vidole vya mumewe kwenye kitenge, kimoja kimoja, bila haraka. "Siku yangu inaisha kesho asubuhi."

Kile kibao kilikuwa kimepinda. Akakinyoosha, akarudi ndani, akatia komeo. Alipokuwa anajifunga tena kitenge masikioni, alimsikia Gaspari huko nje anawaomba watu wale chakula kimyakimya, wasigonganishe vijiko.